Uduvi Wanaosubiri Mvua

Mjomba wangu anakaa Bani Malik, Jeddah, na amekaa hapo tangu mimi sijazaliwa. Ni dereva. Ameendesha gari la maji, akaendesha lori la mchanga, na sasa anaendesha basi dogo la kupeleka watoto shuleni. Ukimuuliza kuhusu mvua hatakujibu kama mtu wa pwani aliyelelewa na vuli na masika. Atakutajia tarehe.

Tarehe ya kwanza ni 25 Novemba 2009. Ilikuwa mwezi nane Mfunguo Tatu, siku mahujaji wanapoelekea Mina. Maji yalishuka kutoka vilima vya mashariki, yakafuata mikondo yake ya zamani, na mikondo hiyo ilikuwa imekwisha kujengwa nyumba na barabara. Mtaa wa Quwaizah uliumia kuliko yote. Waliokufa mjini walizidi 100. Mwezi wa Januari 2011 yakaja tena. Tarehe ya tatu ni 24 Novemba 2022, ambapo kusini mwa Jeddah zilipimwa milimita 179 za mvua kwa muda wa saa sita, katika mji ambao mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 50 na kitu. Shule zilifungwa, ndege zikachelewa, barabara ya Makka ikafungwa kwa muda. Mjomba alilipoteza gari lake dogo la kwanza katika mafuriko ya 2009, na mpaka leo mawingu yakitanda hulihamisha hili alilonalo hadi juu kwenye mwinuko, kisha hurudi nyumbani kwa miguu.

Nayaeleza haya mapema kwa sababu makala haya yanawasifu viumbe wanaoishi ndani ya maji hayohayo, na mjomba hakupenda wazo hilo hata kidogo.

Wiki chache baada ya mvua ya 2022 nilikuwa likizo, nikateremka kutoka Riyadh kumtembelea. Siku ya Ijumaa alinichukua tukanunue mbuzi kwa mchungaji mmoja Msudani, mashariki ya mji, nyuma ya vilima. Njiani wakati wa alasiri ukatukuta. Kando ya barabara palikuwa na dimbwi lenye maji ya rangi ya chai ya maziwa, upana wake kama uwanja wa mpira wa wavu, kina hakifiki goti. Nikakunja mikono ya kanzu nikainama.

"Mjomba," akaniita (kwetu sisi mjomba na mpwa huitana jina hilohilo), "hapo usitawadhe, mna wadudu."

Nikatazama. Kweli walikuwamo. Walikuwa na urefu wa ukucha wa kidole gumba, weupe wa kupenyeka kama kipande cha plastiki, na kila mmoja akiogelea chali, tumbo juu, miguu ikipiga mawimbi laini kama upepo unaopita juu ya shamba la mpunga. Majike walikuwa na kifuko mwanzoni mwa mkia, na ndani ya kifuko zikaonekana chembe za kahawia.

"Wameogelea chali kama maiti," akasema mjomba. "Twende tukatawadhe kwa maji ya chupa."

*

Wale hawakuwa wadudu. Walikuwa krasteshia, jamaa wa kaa, kamba na uduvi, kutoka kundi ambalo wanasayansi huliita Anostraca. Wana jozi 11 za miguu bapa kama majani, na miguu hiyo hufanya kazi tatu kwa pamoja: huogelea, huvuta pumzi, na huchuja chakula, yaani mwani na vijidudu vidogo sana. Huogelea chali kwa sababu hugeuzia tumbo upande unakotoka mwanga. Ukiweka chombo gizani ukamulika tochi kutoka chini, watajipindua, mgongo ukawa juu.

Hawaishi peke yao. Katika madimbwi ya namna hii, Uarabuni, Sudan na kwetu Afrika Mashariki, hupatikana pia Triops, ambaye ana ngao mgongoni kama sufuria iliyofunikwa na jicho la tatu katikati ya mawili. Wapo wenye magamba mawili kama chaza. Wapo wadogo kama punje ya mtama. Na wapo viroboto-maji, ambao si viroboto hata kidogo. Maji yakipungukiwa na oksijeni baadhi yao hutengeneza himoglobini zaidi wakawa wekundu, na mtu akiona dimbwi jekundu hudhani pamemwagika kitu.

Hapa ndipo nilipopata shida ambayo wanachama wenzangu mtaielewa. Nilitaka kumwambia mjomba jina lao kwa Kiswahili. Sikuwa nalo. Waingereza huwaita kwa jina la viumbe wa hadithi zao, wale wanawake wadogo wenye mabawa, na tafsiri ya neno kwa neno ingetupatia "kamba jini", ambayo ni hatari kuitamka mbele ya mtu anayetaka kutawadha. Nilipoleta swali hili kwenye kikao cha chama, mmoja wetu alipendekeza "uduvi-jangwa". Mwalimu wetu wa isimu alipinga kwa sababu nzuri: kiumbe huyu yuko hata mahali pasipo jangwa, ilimradi pana shimo linalojaa na kukauka. Mimi nasimama na "uduvi wa mvua". Uduvi sote tunawajua, wadogo, weupe, wanaokaushwa juani na kuuzwa kwa kibaba. Na mvua ndiyo saa yao. Atakayekuwa na neno bora alilete. Ukurasa wa barua upo.

*

Swali la mjomba lilikuwa zuri kuliko majibu yangu. Tulipokuwa tunarudi, mbuzi akilia nyuma, aliniuliza: "Hilo shimo mimi nalipita kila mwezi. Miezi kumi na moja ni vumbi. Hao wametoka wapi?"

Wametoka palepale, kwenye vumbi. Jike hutaga mayai yenye ganda gumu. Kiinitete ndani ya yai hukua kidogo tu kisha husimama. Dimbwi likikauka, yai hukauka nalo mpaka linakaribia kutokuwa na maji kabisa, na nafasi ya maji hushikwa na sukari iitwayo trehalosi, ambayo hulinda sehemu za chembe hai zisishikane na kuharibika. Katika hali hiyo yai halipumui kwa kiasi cha kupimika kirahisi. Linaweza kukaa miaka mingi. Mayai ya jamaa yao wa maji ya chumvi, Artemia, yalipelekwa mwezini na kurudishwa katika majaribio ya Apollo 16 na 17, na baadhi yakaanguliwa.

Kwa jangwa la kwetu huku ushahidi ninaoupenda umetoka ng'ambo tu ya bahari hii, Sudan. Mwaka 1968 jarida la Science lilichapisha karatasi fupi ya D. B. Carlisle kuhusu mayai ya Triops, na kichwa chake kilisema wazi kwamba mayai hayo huuawa kwa kuchemshwa tu. Mayai makavu yalistahimili joto lililokaribia kabisa kiwango cha maji kuchemka, kwa saa nyingi. Kiumbe ambaye mayai yake yanalala juu ya udongo mtupu, kiangazi cha Khartoum au cha Riyadh, hana anasa ya kuwa dhaifu kuliko hapo.

Kwa hiyo mtu angedhani viumbe hawa hawana la kuogopa kwenye mabadiliko ya tabianchi. Joto wanalijua, ukame wanaujua. Nami nilidhani hivyo kwa muda mrefu. Nilikosea, kwa sababu nilikuwa naliangalia yai tu nikamsahau mnyama anayetoka ndani yake. Yai hustahimili karibu kila kitu; uduvi mwenyewe hastahimili karibu chochote. Akishaanguliwa ana siku chache, kwa spishi nyingine wiki moja na kidogo, kwa nyingine mbili au tatu, za kukua, kujamiiana na kutaga. Dimbwi likikauka siku moja kabla, uzao mzima umepotea.

Tuiite hiyo mvua ya uongo: inajaza shimo, inaamsha mayai, kisha jua linakausha kabla ya kutaga. Jangwani mvua za uongo ni nyingi tangu zamani, na viumbe hawa wamezoea kuzikabili kwa hila moja. Mayai hayaanguliwi yote kwa mara moja. Sehemu huamka, sehemu hulala hata kama maji, mwanga na joto vyote viko sawa. Dan Cohen alionyesha kwa hesabu mwaka 1966, akizungumzia mbegu za mimea ya jangwani, kwa nini tabia hiyo hulipa, na hesabu yake hufaa hapa pia.

Jaribu mwenyewe. Chukua mayai 100, na mvua tatu za uongo mfululizo. Uduvi anayeangua mayai yote kila mvua amekwisha kwa mvua ya kwanza. Anayeangua nusu anabaki na 50, halafu 25, halafu 12 au 13. Anayeangua moja ya kumi anabaki na 90, 81, kisha karibu 73. Huyo wa mwisho ndiye atakayekuwapo mvua ya kweli ikija. Lakini kuna gharama: mvua zikiwa za kweli mara nyingi, yeye anaachwa nyuma, kwa sababu akiba yake imelala wakati wenzake wanazaana. Kwa hiyo kila dimbwi, kwa vizazi vingi, limefinyanga kiasi chake kulingana na uongo wa mvua za mahali pake. Hakuna anayepiga hesabu mle ndani. Waliokosea hawapo tu.

Sasa badilisha mvua haraka kuliko vizazi vinavyoweza kufuata. Hapo ndipo hatari ilipo.

Mansour Almazroui wa Chuo Kikuu cha Mfalme Abdulaziz, palepale Jeddah, pamoja na wenzake, walichambua vipimo vya vituo vya hali ya hewa vya Saudia vya mwaka 1978 hadi 2009. Wastani wa joto ulipanda kwa nyuzi 0.6 za Selsiasi kwa kila miaka kumi. Mvua kwa jumla ilipungua sana katika nusu ya pili ya kipindi hicho, tangu 1994. Kwa dimbwi lenye kina cha sentimita ishirini, joto zaidi maana yake ni siku chache zaidi zilizokatwa mwishoni, na siku za mwishoni ndizo za kutaga. Maji ya moto hushika oksijeni kidogo. Ni kweli kwamba uduvi hukua haraka zaidi kukiwa na joto, na baadhi ya watu hujifariji kwa hilo, lakini anayekua haraka mara nyingi hukomaa akiwa mdogo, na jike mdogo hubeba mayai machache.

Na ile mvua kubwa ya mara moja, ya milimita 179? Mjomba aliuliza kama hiyo si neema kwao. Inategemea. Inaweza kujaza mashimo kwa wiki nyingi, na kwa kizazi kimoja ni sherehe. Lakini dimbwi likidumu mno wanafika wageni: kunguni-maji wanaoruka usiku, lava wa kereng'ende. Uduvi wa mvua hana silaha. Ulinzi wake ni kwamba nyumba yake hufa kabla adui hajazoea njia. Zaidi ya hayo, furiko lenye nguvu hufagia tope lenyewe, na mayai yaliyolala humo husukumwa hadi baharini.

*

Huku Riyadh mambo yana sura nyingine. Mvua ya mwaka ni karibu mara mbili ya ile ya Jeddah, na huja zaidi kati ya Novemba na Mei. Maji hukusanyika kwenye mabonde mapana yenye udongo wa mfinyanzi ambayo Waarabu huyaita raudha, neno ambalo sisi tunalijua kwa maana ya bustani. Raudha ya Khuraim, kama kilomita 100 kaskazini-mashariki ya mji, ni maarufu. Mvua ikinyesha wiki hii, wiki ijayo barabara imejaa magari yenye mahema, makaa na watoto. Nimekwenda mara mbili na nimefurahi kama wengine. Lakini gari linalozungukazunguka kwenye tope la raudha hubonyeza udongo, likazika mayai kina ambacho mwanga haufiki, na yai lisiloonja mwanga kwa kawaida haliamki.

Kwa upande mwingine, na hapa nacheka kidogo, gari hilohilo hubeba mayai. Watafiti waliochunguza tope la viatu na magari huko Camargue, Ufaransa, walikuta ndani yake mayai ya viumbe wa madimbwi. Kusini mwa Afrika kazi hiyo hufanywa na tembo na ngiri wanaogaagaa topeni kisha wakaenda kujisugua kwenye mti ulio mbali. Hapa hatuna tembo. Tuna Land Cruiser.

Sitaki mtu afikiri kila kosa ni la hewa. Kwa maoni yangu sepetu la tingatinga limeua madimbwi mengi mjini kuliko nyuzi 0.6. Viwanja husawazishwa, mashimo hufukiwa, mikondo huwekewa zege. Baada ya 2009 Jeddah ilijengewa mabwawa ya kuzuia maji na mifereji mikubwa, na lile ziwa la majitaka lililokuwa mashariki, ambalo wenyeji kwa kejeli waliliita Ziwa la Miski, likakaushwa. Nani atasema vibaya hayo? Si mimi, ambaye mjomba wangu analala Bani Malik. Ninachosema ni kwamba mashimo ya nyuma ya vilima, yasiyomtisha mtu, nayo yanafukiwa kwa mazoea, na hakuna anayeuliza kilichomo.

Sababu inayotajwa sana ya kuyafukia ni mbu, na sababu hiyo inastahili jibu. Jeddah ina homa ya dengi. Virusi vyake vilitambuliwa hapo mwaka 1994. Hili linatuhusu pia kama watu wa lugha, maana wanaofuatilia asili ya maneno mara nyingi hulirudisha jina la dengi kwenye Kiswahili, kidingapopo. James Christie, daktari aliyefanya kazi Unguja, aliandika kuhusu "kidinga pepo" mwaka 1872. Baadaye D. E. Carey alitoa hoja mwaka 1971 kwamba maradhi yale ya Unguja huenda yalikuwa chikungunya, ambayo nayo ina jina la Kimakonde. Basi tumeuazima ulimwengu majina mawili ya homa.

Lakini mbu wa dengi hazai hasa kwenye shimo la jangwani. Anapenda pipa, tangi lisilo na kifuniko, tairi, maji ya saruji kwenye jengo linalojengwa. Yaani anapenda Bani Malik. Wenye hatari kwenye madimbwi ya mvua ni mbu wengine, wale ambao mayai yao hulala udongoni kama ya uduvi na huamka kwa mafuriko. Hao ndio walioeneza homa ya Bonde la Ufa Garissa baada ya mvua za El Nino za 1997 na 1998, na mwezi wa Septemba 2000 homa hiyo ikazuka Jizan, kusini mwa Saudia, na Yemen, mara ya kwanza nje ya Afrika. Kwa hiyo shimo moja huwalea mbu na uduvi. Tofauti ni kwamba baadhi ya krasteshia hula viluwiluwi vya mbu. Triops hula. Wadogo wa jamii ya Mesocyclops hula, na huko Vietnam walitiwa kwenye matangi ya maji ya vijijini, dengi ikatoweka katika jamii nyingi zilizofanya hivyo kwa bidii. Shimo lililomwagiwa dawa au mafuta hupoteza walaji pamoja na walioliwa, na anayerudi kwanza ni yule mwenye mabawa.

*

Mwezi wa Februari 2023 nilipokea simu. Mjomba alikuwa amepita tena njia ile, dimbwi limekauka, udongo umepasuka vipande kama vigae.

"Nimekukwangulia tope lako," akasema. "Kopo la maziwa zima. Usiniulize kwa nini."

Kopo lilisafiri kilomita zaidi ya 900 kwa basi, mikononi mwa kijana wa Malindi anayekuja Riyadh kikazi, ambaye aliambiwa ni udongo wa dawa. Nililiweka dirishani bwenini, juani, kiangazi chote. Mwenzangu wa chumba alilihamisha mara mbili akidhani ni taka.

Mwezi wa Novemba nikatia vijiko vitatu vya udongo ndani ya beseni la plastiki. Maji ya bomba yana klorini, kwa hiyo nilitumia maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi, ambayo hayana chumvi na yanakaribiana na ya mvua. Siku ya pili jioni, kwa tochi ya simu, niliona chembe nyeupe zikirukaruka. Nilihesabu 40 nikachoka. Siku ya sita wote walikuwa wamekufa. Beseni lilikuwa dogo, na mchana jua la dirishani liliyafanya maji kuwa ya uvuguvugu wa kuogea. Mvua ya uongo, na mwongo ni mimi.

Niliuacha udongo ukauke wiki nne, nikauloanisha tena bila kuongeza hata chembe mpya. Wakatoka wengine, kama 30. Safari hii nililiweka beseni chini ya kitanda, taa ya meza kando yake, na kila siku niliweka hamira kidogo sana kwenye ncha ya kijiti cha meno. Siku ya kumi na mbili jike mmoja alikuwa na kifuko.

Nilimpigia mjomba picha ya video. Alikuwa kwenye basi, anasubiri watoto watoke shuleni. Aliitazama kimya kwa muda, simu ameishika karibu mno na uso hata nikawa naona jicho tu.

"Bado wanaogelea chali," akasema. Kisha: "Lile shimo wameanza kuweka vigingi. Nadhani ni ghala. Nikupelekee kopo jingine kabla hawajafukia?"

Nikamwambia alete mawili.